Nyanya za bustanini na kipupwe: uziache shinani au uzivundike ndani?

Mwezi wa Mei ukielekea ukingoni, bustani za nyuma ya nyumba kule Njombe, Mafinga na Makete, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hufanana sana. Mashina ya nyanya yamebeba mpaka yanainama, lakini mzigo wote ni wa kijani. Mvua zimekata, mchana jua linawaka vizuri, ila likishazama tu baridi inashuka. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikishika, kati ya Juni na Agosti, joto la usiku huteremka chini ya nyuzi 10, na mabondeni kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani. Nyanya ni mmea wa joto. Hapo ndipo majirani wanapoachana njia: mmoja anafunika mashina kwa mashuka kila jioni, mwingine anayanyima maji ili yashtuke, wa tatu anachuma zote na kuzifungia kwenye boksi pamoja na ndizi.

Nimeziweka njia hizo sambamba hapa. Niseme mapema ninakoegemea: kwa bustani ya nyumbani, kukata ncha za mashina kwa wakati na kuchuma kwa wakati kunashinda karibu kila ujanja mwingine. Lakini zipo hali ambazo shuka linalishinda boksi, na zipo ambazo vyote viwili havisaidii kitu.

Joto ndilo linaloivisha

Wengi huamini nyanya hugeuzwa nyekundu na jua. Sivyo. Wekundu ule ni laikopini, na laikopini hutengenezeka vizuri tunda likiwa kwenye nyuzi 20 hadi 25 hivi. Likishuka chini ya 10 kazi husimama, na likikaa katika baridi hiyo siku nyingi linaumia kwa ndani: hata ukiliingiza kwenye joto baadaye, linaiva kwa mabaka na kuoza upesi. Joto likizidi 30 nako laikopini hukwama, ndiyo maana nyanya iliyoivia kwenye joto kali hubaki na umanjano hata ikiwa laini. Tunda lenyewe halihitaji mwanga ili liive. Giza la kabatini linatosha kabisa. Yanayohitaji jua ni majani, kwa kuwa ndiyo yanayotengeneza sukari inayopelekwa kwenye tunda.

Ukishalielewa hilo, sehemu kubwa ya ubishi inaisha. Shinani, nyanya inaendelea kulishwa sukari, lakini joto la usiku hulipangi wewe. Ndani ya nyumba joto unalipanga, lakini sukari imekatika. Kila njia inakupa kimoja na kukunyima kingine, na kipi kina uzito zaidi kinategemea umri wa tunda ulilonalo.

Changa, pevu, na zilizoanza kubadilika

Nyanya iliyopevuka imefikia ukubwa wake, ukijani wake umefifia kuelekea weupe, ngozi inang'aa, na kitakoni, upande ulikokuwa ua, panaonekana weupe uliotawanyika kama nyota. Ukitaka uhakika, toa moja sadaka: ikate katikati kwa kisu kikali. Kama mbegu zinateleza pembeni ndani ya ute, basi zote za ukubwa na rangi ile zimepevuka. Kama kisu kimezikata mbegu zenyewe na ute haupo, hiyo ni changa. Nyanya changa haivundikiki. Itasinyaa, au itapata rangi ya hovyo isiyo na ladha.

Iliyoanza kubadilika ni ile yenye doa la manjano au waridi kitakoni. Hiyo imeshaanza kutoa yenyewe gesi ya ethilini, inayochochea tunda kuiva, na kazi iliyobaki inaweza kuimalizia popote penye joto. Biashara ya nyanya za Ilula, pale kwenye barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro, inasimama juu ya jambo hilo hilo. Nyanya za safari ndefu huchumwa zikiwa ndiyo kwanza zinabadilika, zikapangwa kwenye matenga, zikashuka na lori hadi Dar es Salaam, na mnunuzi wa sokoni anaziona nyekundu. Hakuna anayelalamika kwamba hazikuivia shambani.

Weka na hesabu moja kichwani: tangu ua kufunguka hadi nyanya kuiva ni wiki 6 hadi 8, na kwenye baridi muda huo hurefuka. Nyanya ndogo za cheri hutangulia kidogo.

Ukiamua ziivie shinani

Njia ya kwanza, na kwangu ndiyo ya maana kuliko zote, ni kukata ncha. Ukitarajia baridi kali katikati ya Juni, maua yanayofunguka baada ya mwisho wa Aprili hayatakufaa. Kwa hiyo mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei kata ncha ya shina, acha majani mawili juu ya kichala cha mwisho unachokitaka, kisha ondoa machipukizi yote ya kwapani na kila ua jipya. Mwezi mmoja na nusu unaobaki, mmea hauna tena pa kupeleka nguvu isipokuwa kwenye matunda yaliyopo. Inauma roho kutupa maua, najua. Wanaoyahurumia ndio hujikuta mwezi wa Julai na ndoo mbili za vinyanya visivyofaa hata kuvundika.

Kukata ncha kunafaa aina zinazorefuka bila kikomo, kama Money Maker na Anna F1. Aina fupi kama Cal J, Rio Grande na Roma hujisimamisha zenyewe. Ukizikata ncha unapoteza tu majani. Kwa hizo toa maua ya mwisho na zile nyanya ndogo za kama gololi, basi.

Njia ya pili huchanganywa mno na ya kwanza: kupukutisha majani ili "jua liingie". Hapa nakataa. Tumeshaona kwamba jua halihitajiki kwenye ngozi ya tunda, na kila jani zima unalolitoa ni sukari unayoinyima nyanya. Zaidi ya hapo, jua la mchana la nyanda za juu ni kali. Tunda lililozoea kivuli likianikwa ghafla hubabuka, linapata baka jeupe ambalo baadaye linalainika na kuoza. Majani ya kuondoa ni yale ya chini yaliyozeeka, yanayogusa udongo au yenye ugonjwa. Upepo utapita hapo chini, na hilo ndilo faida yake halisi.

Kupunguza maji kuna mantiki. Mmea ulioshtuka kidogo huacha kuchipua na huharakisha matunda, na kipupwe ni kikavu, kwa hiyo mkono wako ndio mvua. Tatizo ni namna watu wanavyofanya: wanakata maji moja kwa moja, majani yananyauka, wanaona huruma, wanamwaga ndoo nzima. Tunda lililokuwa na kiu likipata maji mengi kwa ghafla hupasuka. Maji ya kupanda na kushuka ndiyo pia yanayoleta kuoza kitako, kwa sababu kalisi haifiki kwenye tunda bila maji kuipeleka. Kama utapunguza, punguza taratibu, nusu ya kawaida, siku zile zile za kumwagilia. Na wakati huo huo acha mbolea za naitrojeni kama urea na CAN. Naitrojeni mwezi wa Mei inakupa majani mazuri ya kupigwa na baridi.

Kuna wanaokata mizizi: unachomeka sepetu upande mmoja wa shina, sentimeta 20 au 30 kutoka kwenye shina, ili mizizi ya nusu moja ikatike. Bustani za nchi za baridi hufanya hivyo, na shina lenye afya huitikia kwa kuivisha upesi. Kwenye udongo wenye minyoofundo (vijinyoo vinavyofanya mizizi ivimbe mafundo) au mnyauko bakteria, mizizi iliyojeruhiwa ni mlango wa ugonjwa. Faida yake haizidi ya kupunguza maji, hatari yake inazidi. Mimi naiacha.

Kufunika kunahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakotumia fedha. Kifuniko hakitengenezi joto. Kinazuia joto la udongo lisipotee usiku. Kwa hiyo kifuniko kinawekwa jua likiwa bado halijazama, na kinafika chini kabisa. Shuka lililozungushwa juu kama kilemba huku miguu ya shina iko wazi halifanyi kazi. Kati ya shuka kuukuu na nailoni, usiku mmoja mmoja shuka ni bora: linapitisha hewa, na likigusa majani haliyaunguzi. Nailoni inayogusa jani hupitisha baridi moja kwa moja, hivyo inahitaji vijiti au matao ya kuishikilia mbali, na asubuhi lazima ifunguliwe. Ukisahau hadi saa tano, chini yake panakuwa na joto linalozidi 30 na unyevu wa kutosha kufuga ukungu. Ukiwa na madumu ya maji, yapange juani mchana katikati ya mashina, kisha yafunike pamoja na mimea jioni. Maji hutunza joto kuliko hewa na huliachia polepole usiku. Mashina yaliyo karibu na ukuta wa tofali unaopigwa na jua la mchana yana nafuu hiyo bure.

Kazi yote hiyo inakuongezea nyuzi chache. Inakuvusha usiku mbaya tatu au nne kabla ya hali kutulia. Baridi ya miezi miwili mfululizo haivuki. Kwa hiyo funika kama nyanya zako nyingi zimeshaanza kubadilika na unahitaji wiki moja tu. Kama zote bado ni kijani kibichi mwezi wa Juni umeshaanza, utakuwa unatandika na kutandua mashuka bila mwisho. Kitalu nyumba ni habari nyingine, lakini hakuna anayejenga kitalu nyumba kwa ajili ya mashina kumi.

Ukiamua kuchuma na kuvundika

Anayejua kuvundika ndizi anajua tayari nusu ya kazi. Chuma kabla ya usiku wa baridi kali, maana nyanya iliyokwisha kupigwa na baridi inaoza ndani ya boksi. Futa vumbi, kausha, toa vikonyo ili visitoboane. Zipange safu moja, mbili zikizidi, ndani ya boksi la karatasi au kikapu, juu ya gazeti. Zilizoanza kubadilika ziwe boksi moja, pevu za kijani boksi lingine. Kwenye hilo la kijani weka ndizi moja au mbili zinazoiva. Ethilini yake ndiyo itakayoziamsha. Funika kwa gazeti na uweke chumba chenye joto la mtu aliyevaa shati moja. Kagua kila baada ya siku mbili, toa inayolainika.

Kwenye nyuzi 20 au 21, nyanya pevu huiva ndani ya wiki mbili hivi. Kwenye nyuzi 13 hadi 15 huchukua karibu mwezi, na hilo nalo linaweza kukufaa: gawa mzigo, nusu chumba chenye joto, nusu stoo, nyanya zisiive zote siku moja. Jokofuni hapana, ni baridi ile ile uliyozikimbiza. Mfuko wa nailoni pia hapana, unatoa jasho na ukungu unafuata. Dirishani juani hakuna faida, na mchana tunda linaweza kupata joto kupita kiasi.

Ladha? Iliyochumwa ikiwa na doa la rangi haina tofauti kubwa na ya shinani, wengi hawataitambua. Iliyochumwa pevu ya kijani itakuwa nyekundu, lakini sukari yake ni pungufu na uchachu wake uko juu kidogo. Kwa mchuzi, rosti au maharage hakuna atakayekuuliza. Kwa kachumbari, pale nyanya inapoliwa mbichi, utaisikia. Mimi nikijua kuna wageni wa kachumbari, naacha vichala viwili vya karibu na ukuta shinani na kuvifunika, vingine vyote vinaingia ndani.

Kuning'iniza shina zima ni njia ya katikati. Unang'oa mmea na mizizi yake, unakung'uta udongo, unaufunga kichwa chini kwenye kenchi la stoo. Nyanya huendelea kuiva kwa wiki kadhaa, na unachuma kadiri zinavyobadilika. Faida yake ni kazi ndogo siku ya kuvuna. Hasara ni nafasi, na nyanya zinazodondoka sakafuni usiku. Wengine huning'iniza jikoni kwenye moshi wa kuni, na kweli moshi una ethilini, ndiyo maana ndizi huvundikwa shimoni kwa moshi. Ila nyanya yenye ngozi laini huchukua harufu, na si kila mtu anapenda nyanya zinazonukia moshi. Ukilinganisha na boksi, shina lililoning'inizwa halitoi nyanya tamu zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Boksi unalikagua kwa urahisi, na hilo kwangu linatosha.

Kuhusu dawa za kuivisha: ethefoni ipo, inatoa ethilini, na wakulima wakubwa huitumia kwa vipimo na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Bustani ya nyumbani haina sababu ya kuihitaji wakati ndizi ipo. Kabaidi ndiyo isiguse chakula kabisa. Gesi yake ni asetilini, na kabaidi ya viwandani huweza kubeba mabaki ya aseniki na fosforasi. Nchi nyingi zimekataza kuivishia matunda.

Kwa mwenye haraka, hivi ndivyo ninavyoamua mwenyewe:

| Ulichonacho | Shinani | Ndani |
|---|---|---|
| Zenye doa la rangi, usiku bado uko juu ya nyuzi 10 | Acha, kwa ladha | Si lazima |
| Zenye doa la rangi, usiku chini ya 10 | Funika kama ni siku chache | Chuma, siku chache tu zitaiva |
| Pevu za kijani, kipupwe kimeshika | Hapana | Boksi na ndizi |
| Changa, mwezi wa Mei mwanzoni | Acha kubwa, toa ndogo, kata ncha | Hazivundikiki |
| Changa, Juni | Hazitafika | Achari, au zikaange na vitunguu |
| Shina lenye bakajani chelewa | Usifunike, ng'oa | Safi tu, kagua kila siku |

Mstari wa mwisho unastahili kuelezwa. Njombe ni mkoa wa viazi mviringo, na ugonjwa unaoteketeza viazi, bakajani chelewa, ndio huo huo unaoshambulia nyanya. Unapenda ubaridi na majani yaliyolowa umande. Ukiona mabaka ya kahawia yaliyokaa kama yamelowa, na pembeni ukungu mweupe chini ya jani, mjadala wa shuka na maji umekwisha. Chuma kila nyanya pevu isiyo na baka siku hiyo hiyo, ziweke mbali na nyingine, na utegemee kwamba baadhi zitaonyesha ugonjwa ndani ya wiki ya kwanza. Kuning'iniza shina la namna hiyo ni kuuingiza ugonjwa ndani. Mabaki yachomwe au yafukiwe mbali na shimo la mboji. Nyanya zenye vitundu vya kantangaze nazo zisiingie boksini, kwa sababu kiwavi yumo ndani na ataendelea kula.

Kalenda hii usiibebe nzima nzima kwenda kwingine. Nyandarua na maeneo mengine ya juu ya Kenya, baridi ya Juni hadi Agosti ni ya mawingu, wakati umande unaoganda huja zaidi usiku mkavu wa Januari na Februari. Hapo shuka lina kazi kuliko Njombe, kwa kuwa usiku wenyewe ni wa hapa na pale na mchana kuna joto. Kwa Waswahili walioko Minneapolis au Toronto, hesabu inageuka: baridi ya kwanza ya kuua nyanya hufika kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, ncha inakatwa katikati ya Agosti, na ikishafika hakuna kubembelezana na shina. Huko boksi linashinda bila ubishi, hasa kwa kuwa nyumba zina joto la kupangwa.

Swali linalobaki ni kwa nini tusipande mapema tu. Miche ikiingia ardhini Januari mwishoni, Cal J itaanza kuiva kabla ya Mei. Lakini hapo itapita Machi na Aprili kwenye mvua, na bakajani itakula kabla yako, isipokuwa uwe na paa la nailoni juu na upuliziaji dawa wa kufuatilia. Ukipanda Machi unaikwepa mvua kiasi na kuangukia kipupwe. Mimi ningegawa: mashina machache ya aina fupi mapema chini ya paa dogo, kwa ajili ya kachumbari, na mengine Machi, nikijua tangu siku ya kuyapanda kwamba nusu yake yataivia ndani ya boksi.